Mtoto na kazi: kihambani, dukani, kwa fundi, mtaani au kwa watu? Tulinganishe kabla likizo haijafika

Likizo ikikaribia huku Moshi swali ni lile lile, huyu mtoto atakaa tu anaangalia katuni mwezi mzima au afanye kitu, na kama ni kufanya kitu basi afanye nini na kwa umri gani. Kwenye vikao vya ukoo na kwenye vikoba nimesikia pande zote. Wapo wanaosema sisi tulikua na jembe mkononi na tumekuwa watu, watoto wa siku hizi mnawaharibu. Wapo wanaosema kazi ya mtoto ni shule, mwacheni asome, kazi atazikuta ukubwani hata hazijaisha. Mimi nina watatu, mkubwa 15, wa katikati 12 na mdogo 8, kwa hiyo hili jambo liko ndani kwangu kila siku, na kiukweli naona pande zote wana hoja ila wanaongea kana kwamba kazi ni kitu kimoja, wakati mtoto anayechuma kahawa kwa bibi yake Kibosho na mtoto anayelala kwa watu Arusha akilea mtoto wa mwenzie wako mbali kama mbingu na ardhi.

Ndo maana nimeona niziweke hizi kazi zetu za huku moja moja, zile watoto wanazofanya kweli, tuzilinganishe. Ninapopima naangalia mambo machache tu: usiku mtoto analala wapi, shule yake inaguswa au haiguswi, mwili wake uko salama, na lile jasho anafaidi nani. Hilo la mwisho kwangu ndo kubwa kuliko yote, na utaona kwa nini.

Sheria kwanza, haraka haraka

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu, ile isiyomuumiza wala kumkosesha shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo iko hapo hapo. Kazi isizidi saa sita kwa siku, isiwe usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na akifanya alipwe kulingana na alichofanya. Alafu kuna kazi za hatari ambazo chini ya 18 ni marufuku moja kwa moja: machimbo na kuponda kokoto, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, sehemu zenye mashine, baa na hoteli na kumbi za starehe.

Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanadhani serikali imemkataza mtoto hata kuosha sufuria, hapana jamani. Hakuna aliyekataza mtoto kufagia uwanja wala kumsaidia mama yake. Sheria hiyo hiyo inamtambulia mtoto haki ya kufanya kazi nyepesi, kinachokatazwa ni kumnyonya. Na sio sisi peke yetu tunaohangaika na hili, Bolivia kule Amerika Kusini mwaka 2014 walishusha umri mpaka miaka 10 kwa masharti, na watoto wafanyakazi wenyewe waliandamana kuitaka hiyo ruhusa, hoja ikiwa kwamba watoto wanafanya kazi tayari kwa hiyo bora walindwe kuliko wajifiche. Mwaka 2018 wakarudisha 14. Mimi hoja yao naielewa, ila naona mtoto wa miaka 10 hawezi kubishana na tajiri wake kuhusu malipo hata umpe karatasi ya namna gani.

Kutofanya kazi kabisa, shule na tuisheni tu

Hii ndo imekuwa fasheni mjini, kuanzia Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi, mpaka Njiro kule Arusha. Mtoto anachukuliwa na skuli basi saa kumi na moja alfajiri bado ana usingizi, anarudi jioni, anaoga, hom-weki mpaka saa nne usiku, Jumamosi tuisheni, likizo ikifika tuisheni tena. Faida zake zipo, sikatai, mtoto anayefanya mitihani vizuri anafunguliwa milango, na mzazi aliyekosa shule anajua uchungu wake. Usalama upo pia, hakuna panga wala pikipiki.

Ila hebu tuhesabu. Sheria inasema kazi ya mtoto isizidi saa sita, na sisi tunamkalisha kwenye dawati na daftari masaa kumi na mbili alafu tunajiambia tumemwepusha na kazi. Yule mtoto amechoka kama kibarua. Alafu anafika fomu wani bweni hajui kufua shati lake, hajui kupika ugali, hajawahi kushika hela yake akaipangia, na akiambiwa afagie anaona anadharauliwa. Hilo la mwisho ndo linaniuma zaidi, maana anakua akiamini wanaofanya kazi za mikono ni watu wa chini yake, na dada wa kazi wa nyumbani anamwita kwa kidole.

Kwa mtoto aliye darasa la mitihani sina ubishi, likizo ile mpe vitabu. Kwa wengine wote naona hii ni nusu ya malezi.

Kihambani na kazi za nyumbani

Hapa ndo moyo wangu ulipo nasema wazi kabisa. Kihamba chetu, yaani lile shamba la familia linalozunguka nyumba, kina kila kitu, migomba juu, kahawa chini yake, maharage, magimbi, ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, kuku, mbuzi. Hakuna umri utakaokosa kazi inayomfaa. Wa miaka 6 anaokota mayai na kuwapa kuku maji. Wa 8 anamenya ndizi za mtori akiwa amekaa karibu na bibi, anafagia uwanja, analeta kuni ndogo ndogo. Wa 10 au 12 anaweza kuchuma kahawa.

Na kahawa inafundisha jamani. Mtoto anafundishwa achume nyekundu tu, ya kijani aiache mtini, na akichanganya bibi anaiona hapo hapo kwenye kikapu na kumrudishia aichambue upya mbele ya wenzake. Jioni wanamenya kwa mashine ya mkono, mmoja anazungusha, mwingine anamwagia kahawa na maji juu, maganda yanamwagikia upande huu, mbegu zenye utelezi zinadondokea upande ule, zinavundikwa kwenye ndoo siku moja au mbili mpaka utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye chanja, na ole wake aliyeachiwa chanja wingu likaja juu ya Kibo hajafunika. Ikikauka anaenda na babu kupima chama cha msingi, anaona mzani, anaona risiti, anasikia bei imepanda au imeshuka. Hapo amesoma sayansi, hesabu na biashara bila mtu kumwambia anasoma. Wazee wetu wengi walisomeshwa na hiyo hiyo kahawa, KNCU, ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, kwa hiyo mtoto anajua hata ada ya baba yake ilitoka wapi.

Analala kwa bibi yake, anakula machalari na maziwa, shule haiguswi kwa sababu ni likizo, na faida inarudi kwenye chungu anachokula yeye mwenyewe. Ukipima kwa vile vigezo vyangu inapita vyote.

Ila isiwe tunaimba sifa tu, kihambani kuna hatari zake na watu hawazisemi. Dawa ya kupulizia kahawa na nyanya, mtoto asiiguse, asiichanganye, asioshe hata lile bomba, na asiingie shambani siku ile ile lilipopuliziwa. Panga la kukatia migomba sio la mtoto wa miaka 9. Mzigo wa majani ya ng'ombe, unamkuta mtoto wa kike anapandisha mteremko na mzigo kichwani mpaka shingo inazama, na gari la mabua likipaki barabarani kila mtoto anaitwa kubeba, hapo tupunguze, wabebe kidogo kidogo. Na tofautisha kihamba cha bibi na shamba la mtu. Akichukuliwa kwenda kulima kibarua kwenye mashamba ya watu huko tambarare au kwenye mboga upande wa Usa River na Tengeru, hiyo ni ajira, hata kama jembe ni lile lile. Dunia nzima hesabu ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNICEF ya mwaka 2024 ilikuwa watoto milioni 138 walio kwenye utumikishwaji, na asilimia 61 wako kwenye kilimo, kwa hiyo tusidhani shambani kuko salama kwa sababu tu kuna hewa safi.

Jambo lingine nyeti, watoto wa kike. Kazi za nyumbani hakuna anayezihesabu masaa. Likizo ikija kaka yake yuko kwenye TV anaangalia mpira, yeye ameamka saa kumi na mbili, amekanda, amefua, amepika, ameosha vyombo, amembeba mdogo wake mgongoni, na saa tatu usiku bado anaulizwa chai iko wapi. Ukikaa ukahesabu unakuta ametumia masaa tisa au kumi. Huyo anatumikishwa ndani ya kwao na tunamsifia kwamba ana adabu. Kwangu mimi kijana wa 15 anapika siku zake na anafua za kwake, na shangazi zake walishasema sana mpaka wakazoea.

Dukani au gengeni kwa familia

Hii nayo ni nzuri sana na huku kwetu ina historia yake, sio bure nchi nzima duka la mtaani wanaliita kwa Mangi, yaani kwa Mchaga. Mtoto wa miaka 10 anayekaa dukani na baba yake masaa mawili baada ya shule anajua kupima sukari robo, anajua kurudisha chenji ya elfu kumi bila simu, anajua mteja wa mkopo anayelipa na yule wa kesho kesho. Nilimwona binti mmoja hapa Pasua, kimo chake hakimalizi kaunta, mama mmoja alimpa elfu tano akachukua mkate na vocha alafu akadai alitoa elfu kumi, binti akafungua droo akamwonyesha, mama, elfu kumi hamna humu tangu asubuhi, hii hapa ya kwako bado imekunjika vile vile. Kwa sauti ya adabu kabisa. Hiyo haifundishwi darasani.

Hatari ni mbili tatu. Duka kugeuka mlezi, yaani mtoto anaachiwa duka mchana kutwa peke yake na hom-weki anafanyia juu ya gunia. Hela nyingi, kama kuna wakala wa miamala mtoto asikae peke yake, matapeli na vibaka wanajua kuchagua. Na saa mbili usiku iwe mwisho, aingie ndani. Kama duka linauza pombe basi hilo sio la mtoto kabisa, hata kama ni la baba yake mzazi.

Kwa fundi

Hapa panahitaji mjadala mrefu kidogo kwa sababu kijana wa 14 na kuendelea ameshachoka kuokota mayai, anataka kitu cha kwake.

Wapo mafundi wa kila aina kuanzia Majengo mpaka Kiboriloni, na Arusha ukienda Ngarenaro au Unga Limited unakutana nao kila kona. Kushona, kutengeneza simu, saluni, seremala, gereji, kuchomelea mageti, baiskeli. Ukilinganisha hizi zenyewe kwa zenyewe, kushona na simu na baiskeli ni nyepesi na zinamfaa kijana wa likizo. Gereji ni katikati, kuosha spana kwa petroli kutwa nzima na kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki moja sio mchezo, betri nazo zina asidi. Kuchomelea na useremala wa mashine za umeme mimi nasema hapana mpaka 18, macho na vidole havinunuliwi, na sheria yenyewe imeshataja sehemu zenye mashine.

Kwa fundi cherehani wiki ya kwanza kijana anafagia nyuzi, anapiga pasi, anatumwa vifungo. Wazazi wengi wanakasirika hapo, mwanangu amefanywa mtumwa wa kutumwa. Subiri kidogo. Kutumwa vifungo ndo kujua duka gani lina vifungo imara na bei zake, na kupiga pasi ndo unajifunza kitambaa gani kinaungua. Ila ukienda wiki ya tatu ukamkuta bado anafagia na kufua nguo za mke wa fundi, hapo ameshageuzwa, mtoe. Fundi mzuri kufikia wiki ya pili ameshampa vipande chakavu apige mstari ulionyooka, anaharibu, anafumua, anarudia.

Kabla hujamwacha kaeni chini na fundi mkubaliane kwa mdomo mbele ya mtoto mwenyewe: anaingia saa ngapi anatoka saa ngapi, chakula cha mchana nani anatoa, nauli nani anatoa, akiharibu kitambaa cha mteja inakuwaje, na akishaweza kuzalisha anapewa nini mwisho wa wiki. Hata elfu tano, apewe mkononi mwake yeye, sio upewe wewe mzazi. Na pita pita bila kuaga, siku tofauti, saa tofauti.

Kwa anayeuliza fundi au VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, ni vitu viwili tofauti. VETA ipo hapa Moshi na Arusha wapo Njiro, huko anapata mafunzo yaliyopangwa na cheti, wakati kwa fundi anapata wateja, mbinu na kelele za mjini. Likizo mpeleke kwa fundi aonje, akishapenda ndo utajua umpeleke VETA kusomea nini badala ya kumlipia ada ya kitu ambacho hajawahi hata kukigusa. Na huu mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, kwa hiyo kijana aliyeonja mapema anachagua akiwa anajua.

Kutembeza mtaani

Karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi, miwa, mifuko. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wale watoto waliokuwa wanauza rambo kwenye masoko ya Mbuyuni na Kilombero wakahamia mifuko mbadala, biashara ikawa ile ile.

Wanaoitetea wanasema mtoto anachangamka, anajua watu, na kweli anachangamka. Ila angalia inavyoendeshwa. Mara nyingi mzigo sio wa mtoto, una tajiri wake, asubuhi anapewa sahani ya mayai, jioni anapeleka hesabu. Yai likivunjika lake, mteja akikimbia na bodaboda bila kulipa lake, mvua ikinyesha yake. Faida anakula mwingine, hasara anabeba wa miaka 11. Alafu siku hesabu haijatimia anaogopa kurudi, anazunguka stendi mpaka usiku akitafuta wa kumalizia, na ndo namna watoto wengine wanavyoanza kulala nje, kidogo kidogo, leo moja kesho mbili, mpaka nyumbani kunakuwa mbali. Arusha pale katikati ya mji wapo wanaofuata watalii na bangili na shanga, na kule akipata hela ya mzungu siku moja shule inaanza kuonekana haina maana, hilo nalo ni tatizo la aina yake.

Kama familia inategemea genge, mtoto akae gengeni na mama yake. Kutembeza peke yake, kwangu hapana.

Kwenda kwa watu

Naomba tuliongee hili polepole. Binti amemaliza la saba, matokeo hayajatoka au yametoka hakuchaguliwa, anakuja mama fulani wa mjini, mara nyingi ni mtu mnayefahamiana, tena wa kanisani au wa ukoo, anasema mnipe huyu nikae naye, nitamsomesha cherehani, nitamlea kama wangu. Nyumbani hali ngumu, midomo mingi, mama anafunga kibegi.

Kule binti anaamka wa kwanza analala wa mwisho. Analea mtoto, anapika, anafua kwa mikono za familia nzima, analala sebuleni au na watoto, mshahara anaambiwa anatunziwa au unatumwa kwa wazazi, na ile cherehani inasogezwa kila Januari. Simu hana. Akipigiwa na mama yake anaongelea spika mbele ya bosi, mama hujambo, sijambo, nakula vizuri. Utajuaje? Na yanayompata usiku pale baba mwenye nyumba au kijana wao mkubwa akiwa na tabia mbaya, ni machache sana yanayosemwa.

Ukipima kwa vigezo, usiku halali nyumbani kwao, shule imekufa, mwili hauko salama, jasho analifaidi mwingine. Imefeli vyote vinne, na bado ndo kazi ambayo jamii yetu inaiona ya heshima kuliko mtoto kuuza karanga, kwa sababu iko ndani ya geti haionekani.

Sasa kuna desturi yetu nzuri ya mtoto kukaa kwa shangazi au mjomba ili asome karibu, hiyo sitaki ichanganywe na hii, mimi mwenyewe nilikaa kwa shangazi yangu Arusha miaka yangu ya sekondari na nilifanya kazi za pale kama binti zake walivyofanya. Namna ya kutofautisha: je anatoka asubuhi na yunifomu saa ile ile na watoto wa pale? Anakula mezani na wao chakula kile kile? Likizo anarudi kwao? Anaweza kukupigia simu akiwa peke yake? Moja likiwa hapana nenda kamwone, usitume mtu. Na ukijua mtoto wa jirani anateswa, namba 116 ni ya bure, ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenye halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii. Unaweza kusema usihusike, ila yule binti hana mwingine wa kumsemea.

Machimbo na mlima

Hapa hakuna cha kulinganisha, naitaja kwa sababu vijana wanaitamani. Mererani, tangu tanzanite ionekane 1967, hadithi za mtu kutajirika usiku mmoja hazijaisha, na kulikuwa na watoto wanaitwa nyoka kwa sababu walipita kwenye mashimo membamba ambako mtu mzima hapiti. Ukuta wa kilomita 24 uliozinduliwa 2018 umebana kuingia, ila kijana wa 15 bado anaweza kukwambia anaenda tu kuchekecha mchanga. Vumbi lile linaingia kwenye mapafu, shimo linafukia. Asiende. Na kupanda mlima kama mgumu, kubeba mizigo ya wageni kwenye baridi ile, ni kazi ya heshima ya mtu mzima, iko kwenye mizigo mizito ambayo sheria imeikataza kwa aliye chini ya 18, hata kama kimo chake ni kirefu kuliko baba yake.

Wale wa sisi tulilima shuleni

Wazazi wetu wanakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967, shule zikawa na mashamba na mifugo na watoto wanalima kweli. Mama yangu anaiongelea kwa furaha, walikula walichovuna, pesa ya mahindi ilinunua mipira. Alafu anakwambia pia kwamba kuna mwalimu alikuwa anawapeleka kulima shamba lake mwenyewe, na hiyo anaiongelea kwa uchungu mpaka leo. Jembe ni lile lile, jua lile lile, watoto wale wale. Tofauti ni mavuno yalienda wapi, na mtoto anajua, hata awe mdogo vipi anajua.

Kwa hiyo nachagua nini

Chini ya miaka 7 ni kucheza na kusaidia vidogo vidogo vya mkono, akichoka aache. 7 mpaka 13 ni nyumbani, kihambani kwa bibi, dukani kwa familia masaa machache, wavulana kwa wasichana sawa, na bila kumlipa kwa kila kijiko alichoosha, maana kwao ni kwao, ila ukivuna kahawa au ukiuza kuku mpe chake kidogo akipangie mwenyewe. 14 mpaka 17 ongeza fundi wa kazi nyepesi wakati wa likizo, au duka la ndugu unayemwamini, alipwe, alale kwenu. Kutembeza, kwenda kwa watu, machimbo, baa, mizigo, hapana, hata hali ikiwa ngumu. Na hali ikiwa ngumu kweli, elimu bila ada ipo, ilianza 2016 mpaka fomu foo na 2022 ikafika fomu siksi, michango na madaftari bado yanabana najua, lakini bora mzazi aende kuongea na mwalimu mkuu na mtendaji wa mtaa kuliko mtoto wa miaka 12 aende kuokoa nyumba.

Kwangu mimi likizo hii wa 12 na wa 8 wanapanda Kibosho kwa bibi yao, kahawa bado iko mtini na chanja inahitaji mlinzi. Mkubwa anataka fundi simu, ameshafungua simu mbovu zote za ukoo. Nilimpata mmoja karibu na stendi lakini anafunga saa tatu usiku na anataka kijana awepo mpaka mwisho, tukashindwana. Namtafuta mwingine anayefunga mapema, awe maeneo ya Majengo, Pasua au Njoro, anayekubali kijana atoke saa tisa alasiri.